Chuo Kichanga cha Kwa Vonza na Mtahiniwa wa Mutomo

Hadi mwaka 2008, Ukambani haukuwa na chuo kikuu cha umma cha kwake. Kijana wa Mutomo, Kitui Kusini, aliyefaulu kujiunga na chuo alifunga safari ya Nairobi, Njoro, Eldoret au Maseno, na jamaa zake wakabaki nyuma wakitafuta nauli ya muhula unaofuata. Mwaka huo Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungua chuo kishiriki huko Kwa Vonza, nje ya barabara ya Machakos kwenda Kitui. Tarehe 1 Machi 2013, Rais Mwai Kibaki alikipa hati ya kujitegemea, kikawa Chuo Kikuu cha Kusini Mashariki mwa Kenya, ambacho wengi wanakijua kwa jina la SEKU. Machakos nayo ilikuwa na chuo kishiriki cha Kenyatta tangu 2011, na chuo hicho kikapata hati yake mwaka 2016.

Barua ya kuitwa SEKU inapofika nyumbani Mutomo, Ikutha au Ikanga, haipokelewi kila mara kwa vigelegele. Wapo wazazi wanaoinamisha uso. Mtoto wa jirani ameitwa Nairobi au Kenyatta, na wa kwao ameambiwa arudi vichakani, umbali wa matatu mbili kutoka nyumbani. Swali la jirani huwa ni moja, yaani chuo gani, na ni nadra kuuliza kozi gani. Hapo ndipo kosa linapoanzia.

Ardhi ya Kwa Vonza ilikuwa na kazi ya elimu kabla ya chuo kikuu kufika. Katika miaka ya 1970, enzi za harambee, Wakamba wakihimizwa na Mulu Mutisya wa New Akamba Union walichanga fedha ili wapate Taasisi ya Kilimo ya Ukambani, UKAI. Waliochanga wengi hawakuwa wamekanyaga darasa la sekondari. Walikuwa wakulima na wafugaji wa nchi kame ambao mvua iliwasaliti mara kwa mara, nao wakataka mahali pa kufundishia watoto wao kilimo kinachofaa udongo wao. Taasisi hiyo haikudumu kama waanzilishi walivyotarajia, lakini ardhi yake, takriban ekari 10,000, ndiyo iliyokuja kubeba chuo kikuu. Vyuo vingi vya jijini vinabanwa na maghorofa pande zote na haviwezi hata kuota kuwa na shamba la ukubwa huo.

SEKU hakikuzaliwa peke yake. Katika miezi ya mwisho ya utawala wa Kibaki, vyuo vishiriki vingi vilipandishwa hadhi kwa pamoja, vikiwemo Pwani, Kisii, Chuka, Meru, Laikipia, Maasai Mara na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Siasa ilikuwa na mkono wake hapo, na hakuna haja ya kuficha. Kila eneo lilitaka cha kwake, na uchaguzi mkuu ulikuwa mlangoni. Hata hivyo chuo kilichoanza kwa shinikizo la siasa si lazima kibaki kibovu, kama vile chuo kilichoanzishwa na wakoloni si lazima kibaki cha wakoloni.

Vyuo vinavyoitwa vikongwe leo navyo vilianza chini. Makerere ilianza mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi. Chuo cha Nairobi kilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1956 kikiwa chuo cha ufundi, na hakikuwa chuo kikuu kamili hadi 1970. Kenyatta ilikuwa kambi ya wanajeshi wa Kiingereza, ikakabidhiwa serikali ya Kenya mwaka 1965. Egerton ilikuwa shule ya kilimo ya mwaka 1939, iliyokusudiwa vijana wa walowezi. Waliosoma humo miaka ya mwanzo hawakuingia katika jina kubwa, kwa kuwa jina halikuwepo bado. Lilitokana na kazi zao baada ya kuhitimu.

Mfano ulio karibu zaidi na Kitui ni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kilifunguliwa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru wa Tanganyika, kwa wanafunzi wachache wa sheria katika jengo la chama cha TANU mtaa wa Lumumba. Hakikuwa hata na majengo yake. Kwa kipimo cha jina, mwanafunzi mwenye uwezo angekwenda Makerere au ng'ambo. Lakini ndani ya miaka kumi, kampasi ya Mlimani ilikuwa imekuwa uwanja wa mijadala mizito kuhusu Afrika mpya, ikiwavuta wahadhiri kama Walter Rodney na wanafunzi kama Yoweri Museveni. Miongoni mwa waliohitimu shahada ya sheria hapo mwaka 1971 alikuwa Willy Mutunga, mzaliwa wa Kitui. Miaka arobaini baadaye, mwaka 2011, Mutunga alikuwa Jaji Mkuu wa kwanza wa Kenya chini ya Katiba mpya. Chuo alichosoma kilikuwa na umri wa miaka kumi tu alipohitimu, umri ambao SEKU kimekwisha kuupita tangu kipewe hati.

Mfano mmoja hauthibitishi jambo, na watu wenye vipaji vya aina hiyo huenda wangefika popote kupitia njia yoyote. Ndiyo maana utafiti unasaidia kuliko visa. Hapa Kenya, wachumi Adrienne Lucas na Isaac Mbiti walichunguza shule za kitaifa za sekondari, zile 18 za zamani ambazo kila mzazi alitamani mtoto wake aitwe. Waliwalinganisha wanafunzi walioingia kwa tofauti ya alama chache tu na wale waliokosa nafasi kwa tofauti hiyo hiyo ndogo. Walioingia walikaa na wenzao wenye alama za juu zaidi, katika shule zenye vifaa bora. Lakini walipofanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, matokeo yao hayakuwa bora kwa kiasi cha kuonekana kuliko ya wale waliobaki nje. Utafiti huo, uliochapishwa mwaka 2014, ulionyesha kwamba shule maarufu zilikuwa zikichukua wanafunzi bora tangu mwanzo, kisha zikasifiwa kwa kuwa nao.

Marekani kuna matokeo yanayofanana kuhusu vyuo vikuu. Stacy Dale na Alan Krueger waliwafuatilia watu waliokubaliwa na vyuo vyenye sifa kubwa lakini wakaamua kusoma vyuo vya kawaida. Mishahara yao baadaye haikuachana sana na ya wenzao walioenda kwenye majina makubwa. Kilichoamua mapato yao zaidi kilikuwa uwezo wao na bidii yao, yaani mambo waliyokuwa nayo kabla ya kupokea barua.

Lakini utafiti huo huo una upande wa pili, na kwa Mutomo ndio unaouma. Dale na Krueger waliona kwamba kwa watoto wa familia maskini na kwa makundi yaliyotengwa, chuo chenye jina kiliwafaidi kweli. Sababu haihitaji darubini. Mtoto wa wakili wa Nairobi ana mjomba atakayempigia mtu simu. Mtoto wa mfugaji wa Kanziku hana mjomba wa aina hiyo, na chuo kikubwa humpa watu wa kujuana nao, hata kama hakimfundishi zaidi. Mhubiri wa vyuo vichanga anayelikwepa jambo hili anamdanganya msikilizaji. Kazi inayofaa ni kuuliza jinsi chuo kichanga kinavyoweza kuziba pengo hilo kwa njia nyingine, na kama kwa kozi fulani kinaliziba kweli.

Njia ya kwanza ni gharama, na hapa mambo yanakwenda haraka. Mwanafunzi aliyepangiwa chuo cha umma na KUCCPS, taasisi ya serikali inayowapangia watahiniwa vyuo, hupata msaada wa serikali kulingana na mfumo uliotangazwa mwaka 2023, ambamo uhitaji wa familia ndio unaopimwa, kwa ufadhili wa serikali pamoja na mkopo wa bodi ya mikopo ya elimu ya juu, HELB. Karo hutegemea kozi. Kinachotofautiana waziwazi ni gharama ya maisha. Chumba cha kupanga karibu na Kwa Vonza hakiwezi kulinganishwa na kile cha Kahawa Wendani, na gunia la mahindi au pojo kutoka nyumbani hufika kwa matatu bila kupitia Machakos Airport, kituo cha Nairobi kinachojulikana kwa kelele na wachukuzi wa mizigo. Basari ya kaunti na ya mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge, NG-CDF, huenda mbali zaidi pale ambapo matumizi ni madogo. Anayekopa kidogo akiwa chuoni huanza kazi akiwa na deni dogo, na katika nchi ambako wahitimu wengi hungoja kazi kwa miaka, deni dogo ni uhuru.

Njia ya pili ndiyo yenye uzito zaidi. Chuo kilicho katika nchi kame kinaweza kumfundisha mwanafunzi mambo ambayo chuo cha jijini hufundisha kwa picha tu. Chukua miamba ya Mutomo. Kitui Kusini imejaa vilima vya mawe matupu, na tangu zamani watu wa huko wamejifunza kuvuna mvua juu yake. Miaka ya 1980, mradi wa kuhifadhi udongo na maji wa Mutomo, uliofadhiliwa na shirika la Denmark la Danida, ulijenga mabwawa mengi ya miambani. Mpango wake unaeleweka kwa macho. Kingo fupi za mawe na saruji huzungushwa kuuzunguka mwamba ili kuelekeza maji, kisha ukuta hujengwa bondeni chini yake, na bomba likashuka hadi kioski cha maji. Mvua ya milimita 10 ikinyesha juu ya mwamba wa hekta moja huleta maji yapatayo lita 100,000, ukiondoa yanayopotea njiani.

Ugumu huanza baada ya hesabu hiyo. Jua la Kitui huweza kunyonya zaidi ya mita moja na nusu ya kina cha maji kwa mwaka mmoja, kwa hiyo bwawa pana na lisilo na kina hukauka kabla ya mvua za Novemba. Nyufa za mwamba huvuja polepole bila kuonekana. Ukuta uliowekwa mahali pabaya hujaa matope katika misimu michache. Mwanafunzi wa maji anayetaka kuelewa mambo haya hana haja ya maabara ya mamilioni. Anahitaji kamba ya kupimia, daftari la mvua, mhadhiri anayeujua mwamba, na ruhusa ya wazee wa kamati ya maji. Vivyo hivyo kwa mabwawa ya mchanga, yale ambayo shirika la SASOL limeyajenga kwa mamia Kitui, ambamo maji hufichwa ndani ya mchanga wa mto mkavu ili jua lisiyafikie. Dunia nzima ya nchi kame inatazama kazi hiyo, na ni aibu kwamba wanafunzi wa Kitui wenyewe huisoma katika ripoti za wageni kabla hawajaishika kwa mikono.

Mfano mwingine ni mchungu zaidi. Mwaka 2004, mahindi yaliyowekwa ghalani yakiwa na unyevu yalishika kuvu inayotoa sumu ya aflatoksini. Watu 317 waliugua na 125 wakafa, wengi wao katika wilaya za Makueni na Kitui za wakati huo. Ulikuwa mmoja wa milipuko mibaya kabisa ya sumu hiyo kuwahi kuandikwa duniani, na wataalamu walitoka Nairobi na hadi Marekani kuja kuchunguza. Mahindi yanapaswa kukauka hadi unyevu usiozidi asilimia 13.5 kabla ya kuhifadhiwa, na mkulima asiye na mashine huuma punje kwa meno kujua. Kuna njia iliyo bora kuliko meno, na gharama yake ni ndogo mno. Punje hutiwa katika chupa kavu pamoja na chumvi kavu kidogo, chupa ikatikiswa kwa dakika chache, na chumvi ikishikamana na ukuta wa chupa, mahindi hayajakauka. Afisa wa kilimo, mwalimu wa sayansi au muuguzi aliyesomea karibu na maghala haya, na ambaye nyanya yake anahifadhi mahindi Mutha, ana sababu ya kulijua jambo hili ambayo mwenzake wa mbali hana.

Orodha ya kazi za namna hii ni ndefu. Mukau, mti wa mbao ngumu usioliwa na mchwa, unafanyiwa utafiti na taasisi ya misitu, KEFRI, hapo hapo Kitui, na wafugaji wa nyuki wa Kitui Kusini wanaujua tangu zamani. Mawe ya chokaa yako Mutomo na Ikutha, na kampuni za saruji zimeyatolea macho kwa miaka mingi. Pojo imekuwa zao la biashara. Mtu atakayeandika tasnifu nzuri juu ya lolote kati ya haya akiwa chuo kichanga ana nafasi ya kuwa bingwa wa jambo hilo mapema, kwa sababu foleni ya mabingwa ni fupi. Katika chuo kikongwe, mwanafunzi wa mwaka wa nne ni mmoja kati ya mamia wanaogombea kivuli cha profesa mmoja.

Hilo halimaanishi kwamba chuo kichanga kinafundisha vizuri kwa vile tu kiko shambani. Vyuo vya 2013 vilianza na upungufu wa wahadhiri wenye shahada ya uzamifu, na baadhi viliajiri kwa saa, watu wakifundisha Kwa Vonza leo na Machakos kesho. Maabara ni shida ya kweli kwa masomo ya uhandisi na afya. Jina nalo bado lina nguvu kwa mwajiri wa jijini anayepokea maombi elfu moja na kuyapunguza kwa kutazama juu ya karatasi. Tabia hiyo ni uvivu, lakini ipo, na mhitimu hulipa gharama yake.

Vilevile isidhaniwe kwamba ukongwe ni kinga. Chuo Kikuu cha Moi, kilichoanzishwa 1984, kimelemewa na madeni, na mwaka 2024 mgomo wa wahadhiri ulisimamisha masomo kwa majuma kadhaa. Egerton nayo imepitia dhiki ya fedha. Tangu serikali ianze kuwapangia vyuo watahiniwa wote wenye alama ya C+ na zaidi katika KCSE, vyuo vikuu vikubwa vilipoteza wanafunzi wa kujilipia, ambao walikuwa wakivilisha tangu mwisho wa miaka ya 1990. Mwaka 2016, baada ya wizi wa mitihani kudhibitiwa, watahiniwa 88,929 tu ndio waliopata C+ na zaidi, na madarasa ya jioni yakabaki na viti vitupu. Jina kubwa halikulipa mishahara.

Kwa hiyo kigezo chenye maana kwa mtahiniwa ni kozi na idara yake. Kwa taaluma zenye leseni, swali la kwanza ni kama kozi imeidhinishwa na bodi inayohusika. Uhandisi uko chini ya Bodi ya Wahandisi, uuguzi chini ya Baraza la Wauguzi, na sheria chini ya Baraza la Elimu ya Sheria. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, wahitimu wa uhandisi wa vyuo kadhaa vya umma walijikuta wakikataliwa usajili licha ya shahada zao, na baadhi ya vyuo hivyo havikuwa vichanga hata kidogo. Kwa kozi ya leseni isiyoidhinishwa, ukaribu na nyumbani na bei nafuu havifai kitu. Mtahiniwa wa Mutomo anayetaka udaktari au uhandisi wa ujenzi afuate idhini popote ilipo, hata kama ni kwenye chuo kikongwe, na asijutie nauli.

Kwa kilimo cha nchi kame, maji, misitu, ualimu, takwimu na biashara, mizani inageuka. Hapo maswali yanayofaa ni kuhusu walimu na kazi yao: ni nani anayefundisha mwaka wa tatu na wa nne, amechapisha nini, wanafunzi wanapelekwa wapi kwa mafunzo ya nyanjani, na waliohitimu miaka miwili iliyopita wako wapi. Mtu anaweza kuyauliza kwa kutembelea kampasi siku moja ya kazi, wala si siku ya maonyesho, na kuzungumza na wanafunzi wa mwaka wa mwisho wakiwa kantini. Kutoka Mutomo, safari hiyo ni ya kwenda asubuhi na kurudi jioni, jambo ambalo mtahiniwa wa Mutomo aliyeitwa Eldoret hawezi kulifanya.

Na atakayekwenda Kwa Vonza akaona amekosea, bado ana njia. KUCCPS huruhusu kuomba kuhamishwa chuo au kozi baada ya matokeo ya upangaji kutolewa, ila dirisha hilo hukaa wazi kwa muda mfupi, na mwanafunzi lazima awe na alama za kozi anayoitaka. Mzazi mwenye shaka asingoje hadi wiki ya usajili. Afanye uchunguzi wake pale barua inapofika, kabla dirisha halijafungwa.